Seva mbili, diski mbili: nani amekufa?

Leo hakuna kodi ya kunakili, ni historia kidogo tu. Kila nikisikia mtu akijigamba "sisi tuna seva mbili, moja ikianguka nyingine inashika," huwa namuuliza: hiyo ya pili itajuaje kwamba ya kwanza imekufa kweli? Wengi hunyamaza.

Kuweka data mahali pawili si jambo jipya. Kampuni ya Tandem ilianzishwa Marekani mwaka 1974, na 1976 ikapeleka mashine yake ya kwanza Citibank. Vipande muhimu vilikuwa viwili viwili, diski zikiwemo. Mwaka 1983 Digital ikatangaza VAXcluster. Mwaka 1994 EMC ikaleta SRDF, iliyonakili diski za jengo moja hadi jengo jingine. Mambo mazuri, ila bei zake zilikuwa za mabenki makubwa. Wengine walitumia klasta za kawaida, kama ile ya Microsoft ya Windows NT mwaka 1997, ambapo seva mbili huunganishwa na kabati moja la diski. Kabati likiungua, seva zako mbili zinabaki kutazamana.

Na jengo lenyewe laweza kuondoka. Sisi wa Nairobi tunalijua hilo. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliangusha Ufundi House na kuharibu vibaya jengo la Co-operative Bank lililokuwa karibu. Waliokufa ni zaidi ya 200, na mbele ya hilo data ni kitu kidogo. Lakini walionusurika bado wana akaunti, mikopo na karo za kulipa, na lazima hayo yawe yameandikwa pia mahali pengine.

Kisha mwanafunzi mmoja wa Vienna, Austria, Philipp Reisner, akaandika DRBD kwa ajili ya tasnifu yake ya chuo. Kwangu mimi hapa ndipo historia inanoga. DRBD hukaa chini ya mfumo wa faili. Kila kinachoandikwa kwenye diski ya hapa hutumwa kwa mtandao hadi diski ya seva ya pili. Kompyuta mbili za kawaida, Linux, na kebo. Basi! Mwezi Februari 2010 ikatoka ndani ya kerneli ya Linux yenyewe, toleo 2.6.33.

DRBD inakuachia uchague unaogopa nini. Protokoli C haisemi "imeandikwa" mpaka diski zote mbili zikubali. Protokoli B inatosheka data ikifika kwenye kumbukumbu ya seva ya pili. Protokoli A haingoji kabisa: ikishaandika hapa na kuikabidhi data kwa mtandao, inaendelea na safari.

Ndani ya chumba kimoja, chagua C bila kufikiri. Umbali ndio unaobadilisha mambo. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 5 hata vifaa vikiwa bora namna gani. Maandishi yanayongojana moja baada ya jingine hayatapita 200 kwa sekunde. Ukikimbilia A, jengo likiungua unapoteza sekunde za mwisho. Kwa sacco ya matatu, sekunde hizo ni watu waliokwisha kupewa risiti.

Sasa turudi kwenye lile swali. Programu ya Heartbeat, na baadaye Pacemaker, ndiyo msimamizi. Unaipa orodha kwa mpangilio: kwanza DRBD iwe mkuu upande huu, kisha mfumo wa faili ufunguliwe, kisha hifadhidata iwashwe, mwisho anwani ya IP ihamie hapa. Vuruga mpangilio huo na hifadhidata itaamka kwenye folda tupu.

Seva zikiacha kusikiana, msimamizi hajui kama mwenzake amekufa au ni kebo imechomoka. Zote mbili zikijifanya mkuu, unapata daftari mbili zinazopingana, na hakuna programu ya kuzipatanisha. Dawa ya zamani inaitwa STONITH, na maana yake ni ya kikatili: mpige mwenzako risasi ya kichwa. Yaani mkatie umeme kwanza, ndipo uchukue kazi.

Tarehe 22 Desemba 2012 GitHub, waliokuwa na jozi za seva za DRBD na Pacemaker, walikuwa wakifanyia kazi swichi zao. Mawasiliano yakakatika kwa muda mfupi. Kila seva ikaamini mwenzake amekufa, na kwenye baadhi ya jozi zikapigana risasi zote mbili, zikazimika pamoja. Wahandisi wakabaki kutafuta, jozi moja baada ya nyingine, nani alikuwa mkuu wa mwisho. Saa nyingi zilikwenda.

Wawili hawawezi kupiga kura. Hata Bunge letu lina akidi. DRBD 9 inaruhusu mashine ya tatu isiyo na diski ya data, kazi yake ikiwa kura tu. Seva isiyopata wenzake wa kutosha hukataa kuandika. Kompyuta ndogo ya bei rahisi inatosha. Ukiwa na seva Nairobi na Mombasa, hiyo ya tatu iweke Nakuru, na kabla ya kulipia laini ya mtandao uliza faiba yake inapita wapi.