MS-DOS: Jinsi ya kutambua faili iliyokwisha kufunguliwa

Katika tarakilishi za zamani zilizotumia mfumo wa MS-DOS, programu mbili zingeweza kufungua faili moja kwa wakati mmoja bila mtumiaji kuonywa. Iliyohifadhi mwisho ilifuta kazi ya mwenzake.

Kinga ilikuja mwaka wa 1984, toleo la 3.0 lilipoleta programu saidizi ya SHARE. Tangu hapo, programu inayofungua faili kwa wito wa INT 21h, huduma ya 3Dh, yaweza kukataa mshirika. Thamani 12h katika rejista ya AL huomba ruhusa ya kusoma na kuandika, huku wengine wote wakizuiwa. Ikiwa faili imeshikwa tayari, mfumo hurudisha kosa nambari 32. Kosa hilo lisichanganywe na nambari 5, ambayo huweza kumaanisha kwamba faili ni ya kusomwa pekee.

Hata hivyo, SHARE isipopakiwa, katazo hilo hupuuzwa kwenye diski ya tarakilishi yenyewe, na faili hufunguka kana kwamba iko huru. Kwa hivyo mtunzi mwangalifu huuliza kwanza kwa INT 2Fh, AX ikiwa 1000h. AL ikirudi na FFh, SHARE ipo. La sivyo, mtumiaji aagizwe kuipakia kabla ya kazi kuanza.