Tuo, Si Kituo

Nimeletewa orodha ya istilahi za uzamiaji, kazi ya jopo ambalo sitalitaja. Pale mzamiaji anayepanda kutoka kilindini anaposimama majini kwa dakika kadhaa kabla ya kuendelea, jopo limeandika "kituo cha upunguzaji wa kanieneo". Wazamiaji husemezana kwa ishara za mikono; sijui jopo lilidhani wana mikono mingapi.

Kanieneo silipingi. Kani na eneo zimeungwa vizuri, na wanafunzi wa fizikia wamelizoea. Kosa liko kwenye kituo. Kituo cha daladala kipo hata usiku ambapo hapana gari wala abiria. Katika shairi, kituo hufunga ubeti. Mzamiaji wetu hana bango la kuegemea, wala hajafunga chochote.

Neno tunalo: tuo. Limezaliwa na tua, kushusha mzigo. Mpagazi hutua, ndege hutua, jua hutua. Na humo humo katika ukoo mna tulia, tuliza, utulivu. Wasafiri wa zamani waliita tuo pale walipopumzika na muda wa kupumzika kwenyewe. Sasa tazama mzamiaji: amebeba naitrojeni iliyoyeyuka mwilini kwa kadiri alivyokwenda chini na kukaa huko. Akipanda kwa pupa, inamtoka kwa mapovu, viungo vikamuuma, pengine akapooza. John Scott Haldane na wenzake, baada ya kuwajaribu mbuzi ndani ya chumba cha hewa iliyogandamizwa, walieleza mwaka 1908 jinsi ya kuushusha mzigo huo kwa awamu. Mbuzi wale walitua. Hawakupanga foleni kituoni.

Yupo pia mtetezi wa utohozi anayetaka tuseme "deko", eti ndivyo wasemavyo wenyewe huko ng'ambo. Deko kwetu ni la mtoto anayebembelezwa ale.

Tuo nililipendekeza kikaoni kwa heshima zote. Nilishukuriwa kwa mchango wangu, na kumbukumbu zilipotoka, pendekezo lilikuwa limeandikwa "tui". Nikaandika barua ya kusahihisha. Sijajibiwa.

Matumizi hayana shida: "tua mita 6, dakika 10", "amekatiza tuo", "matuo yake ni matatu". Hata mafunzo yanalihitaji neno hili. Mzamiaji wa burudani huishia mita 40, bila tuo la lazima. Anayejiunga na mafunzo ya kiufundi huanza kwa kawaida na kozi ya mita 45, kisha michanganyiko yenye heliamu, mita 60, hatimaye 100. Kati ya kozi na kozi, mwalimu mwema humwacha azamie mara nyingi katika kina kile kile, mpaka aweze kuelea mahali pamoja bila kuyumba, ndipo amwongezee mtungi. Hilo nalo ni tuo. Jopo litauliza mbona hapa mtu anateremka badala ya kupanda. Mpagazi naye hutua mteremkoni.