Mwandiko wa Mhakiki: Chama cha Mantiki ya Alama na Jarida Lake

Mantiki, elimu ambayo Kiswahili kiliipokea pamoja na jina lake kutoka Kiarabu, huchunguza namna kauli moja inavyofuata kutokana na kauli nyingine, na kwa karne nyingi ilifundishwa kwa maneno ya kawaida kama tawi la falsafa. Katika karne ya 19 George Boole, aliyefundisha Cork nchini Ayalandi, na Gottlob Frege wa Jena nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waliiandika kwa alama mfano wa aljebra, na hapo ndipo ilipozaliwa mantiki ya alama. Elimu hiyo ilikuwa na wenyewe wachache waliotawanyika katika nchi nyingi, tena haikuwa na makao, kwa kuwa wanahisabati wengi waliiona kuwa ni falsafa na wanafalsafa wengi waliiona kuwa ni hisabati, na makala zake zilichapishwa huku na kule pasipo mtu wa kuzikusanya.

Kati ya mwaka 1935 na 1936 kundi la wanafalsafa na wanahisabati nchini Marekani liliunda Association for Symbolic Logic, yaani Chama cha Mantiki ya Alama, na rais wake wa kwanza akawa Curt John Ducasse, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Brown aliyezaliwa Ufaransa. Mwaka 1936 chama kilianza kutoa The Journal of Symbolic Logic, jarida ambalo wanachama walilipata kwa ada zao, chini ya wahariri Alonzo Church wa Princeton na C. H. Langford wa Michigan. Katika namba ya kwanza kabisa Church alichapisha maelezo ya kurasa mbili tu kuhusu tatizo la uamuzi, ambalo David Hilbert na Wilhelm Ackermann walikuwa wamelieleza mwaka 1928: je, ipo njia moja ya kufuata hatua kwa hatua ambayo, kwa kauli yoyote iliyoandikwa kwa lugha ya mantiki, itaamua kama kauli hiyo ni halali au la? Church alithibitisha kwamba njia hiyo haipo. Baadaye katika juzuu hiyohiyo alichapisha masahihisho ya uthibitisho wake mwenyewe, jambo linaloonyesha mapema tabia ya mtu huyo na ya jarida alilolilea.

Hata hivyo, kilicholifanya jarida hili kuwa nguzo ya elimu yake hakikuwa ugunduzi mkubwa peke yake, bali pia kazi ya ukarani, kwa maana ya heshima kabisa ya neno hilo. Namba ya Desemba 1936 ilibeba bibliografia, yaani orodha ya maandishi, ambayo Church aliiandaa kwa karibu kurasa 100, kuanzia kitabu cha Leibniz cha mwaka 1666 hadi mwisho wa mwaka 1935, na mwaka 1938 akaongeza nyongeza, masahihisho na faharasa ya mada. Kuanzia hapo sehemu ya mapitio, ambayo Church aliihariri tangu 1936 hadi 1979, ilichukua jukumu la kufuatilia kila andiko jipya la mantiki ya alama lililoandikwa kwa lugha yoyote, kueleza lililomo, na kuonyesha kosa pale lilipo. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu umaarufu, lakini bila hiyo kila kizazi kingeanza upya kutafuta yaliyokwisha kupatikana.

Ni katika mapitio hayo, mwaka 1937, ambapo Church alieleza makala ya Alan Turing iliyochapishwa London, ambamo kijana huyo Mwingereza alifikia jibu lilelile la tatizo la uamuzi kwa kufikiria mashine inayosoma na kuandika alama kwenye utepe. Church akaiita mashine ya Turing, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo.

Thamani ya hazina kama hiyo ilionekana kwa uchungu Poland. Jan Łukasiewicz, mmoja wa vinara wa shule ya mantiki ya Warsaw, alikuwa ameandaa jarida jipya lililoitwa Collectanea Logica, na juzuu ya kwanza ilikuwa ikichapwa mji ulipozingirwa mwezi Septemba 1939. Mabomu yakaiangamiza, zikasalimika nakala chache za makala mojamoja zilizokuwa zimetumwa nje.

Jarida la Marekani liliendelea kutolewa wakati wote wa vita. Mwaka 1946 Ruth Barcan, aliyesomeshwa Yale na Frederic Fitch, alichapisha humo mfumo wa kwanza uliounganisha mantiki ya lazima na uwezekano na maneno ya idadi kama "kila" na "baadhi". Mwaka 1959 Saul Kripke alichapisha humo uthibitisho wake kuhusu mantiki hiyohiyo akiwa na umri wa miaka 18.

Fitch mwenyewe alikuwa amepeleka makala mwaka 1945, naye mhakiki asiyetajwa jina, kama ilivyo desturi ya majarida ya kitaaluma, akaandika ripoti zenye hoja fupi ya ajabu. Tuseme idadi ya punje za mtama zilizomo katika gunia fulani ni shufwa, wala hakuna anayelijua hilo. Kauli nzima, kwamba idadi ni shufwa na kwamba hakuna anayejua, ni ya kweli, lakini hakuna awezaye kuijua, kwa sababu atakayeijua atakuwa amejua kwamba idadi ni shufwa, na papo hapo nusu ya pili ya kauli itakuwa uongo. Kwa hiyo anayeshikilia kwamba kila ukweli unaweza kujulikana analazimika kukubali kwamba kila ukweli tayari unajulikana. Makala ile haikuchapishwa. Fitch aliichapisha hoja hiyo mwaka 1963 katika jarida lilelile, akimshukuru kwa tanbihi mhakiki wa mwaka 1945, na kwa miongo kadhaa wanafalsafa waliijadili kwa jina la Fitch.

Mwaka 1967 Church alihamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na ofisi ya mapitio ikahamia huko pia. Chama kilianzisha jarida la pili, The Bulletin of Symbolic Logic, mwaka 1995, ambalo baadaye lilichukua kazi ya mapitio, kisha la tatu mwaka 2008. Church alifariki mwaka huohuo wa 1995. Ripoti za mhakiki yule wa 1945, zilizoandikwa kwa mkono, zilipatikana baada ya kifo chake na kuchapishwa mwaka 2009, na watafiti walipolinganisha maandishi waliutambua mwandiko: ulikuwa wa Church.