Mishale ya Stoke Mandeville

Wahenga walinena, "Hujafa hujaumbika." Neno hili, msomaji, humwonya mwenye viungo kamili asimdharau aliyepungukiwa. Lakini onyo peke yake halileti usawa. Hebu tutazame jinsi michezo ilivyotumiwa kuudai.

Mwaka 1944, vita vikuu vya pili vikiendelea, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, alipewa kusimamia wodi ya waliojeruhiwa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Siku hizo askari aliyepooza miguu alihesabiwa kuwa maiti angojaye siku yake, kwani wengi walifariki kwa vidonda vya kitandani na maradhi ya figo. Guttmann aliikataa hukumu hiyo. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kisha akawatia katika michezo, ili mikono yao ipate nguvu na mioyo yao ipate sababu ya kuishi.

Tarehe 29 Julai 1948 Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London. Siku iyo hiyo, katika uwanja wa hospitali ile, watu 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa upinde, wakiwa wameketi katika viti vya magurudumu. Watazamaji walikuwa wachache, lakini tarehe yenyewe ilinena: sisi pia ni wachezaji.

Mwaka 1952 Waholanzi walijiunga nao. Mwaka 1960 wachezaji wapatao 400 kutoka nchi 23 walikutana Roma, mara baada ya Olimpiki kumalizika. Na mwaka 1964 wakakutana Tokyo.

Je, wadhani njia ilikuwa nyeupe tangu hapo? La, hasha. Mwaka 1968 Mexico City haikuwapokea, wakaenda Tel Aviv. Mwaka 1972, Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza, Olimpiki ilikuwa Munich, nao wakawekwa Heidelberg. Mwaka 1980 Moscow haikuwakaribisha, wakaenda Arnhem, Uholanzi. Ni Seoul, mwaka 1988, iliyowarudisha katika viwanja vile vile vya Olimpiki. Na tangu mapatano ya mwaka 2001, mji utakao Olimpiki hauna budi kuwapokea wote.

Hivyo Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alipokimbia mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000, ulimwengu ulikuwapo kumtazama. Kiongozi wake alichoka njiani; kipofu akamvuta mwenye macho hadi mwisho, akatwaa dhahabu.

Lakini makofi hukoma, na taa za uwanja huzimwa. Kesho uingiapo shuleni, zitazame ngazi za darasa lako. Je, mwenzako wa kiti cha magurudumu atapitia wapi?