Nyota Yenye Mkia Aliyoiona Babu

Anayetaka kupiga picha za nyota akiwa uani kwake Lushoto hujifunza mawingu kwanza, nyota baadaye. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga milima ya Usambara, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Mji wenyewe uko bondeni, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilima vimeuzunguka pande zote. Saa mbili usiku mbingu huweza kuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kabla hujamaliza kuifunga kamera juu ya miguu yake mitatu, ukungu umeshuka na hata mpera ulio hatua kumi mbele yako huuoni. Ukivumilia, pengine saa nane utapewa nusu saa nyingine. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika. Machi hadi Mei ni masika, na mwenye busara huiweka kamera sandukuni pamoja na mchele mkavu wa kunyonya unyevu.

Nayaeleza haya ya mvua kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yaliyonisaidia kutatua jambo moja la historia ya ukoo wetu.

Marehemu babu yangu alikuwa na hadithi aliyoirudia kila tulipoota moto. Alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, enzi ambazo Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, aliiona nyota yenye mkia. Alikuwa upande wa Irente, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mazinde na Mombo ikaonekana chini kama mkeka. Jua lilikuwa limekwisha kutua, na ile nyota ikabaki magharibi, mkia umesimama juu. Ardhi ilikuwa kavu, watu wakitayarisha mashamba kungojea mvua. Wazee walisema ni dalili ya balaa, na vita vilipokuja mwaka 1914 hawakukosa la kusema. Mjomba wangu, aliyekuwa msomi wa kwanza katika nyumba yetu, aliitia hadithi hiyo jina na tarehe: ilikuwa nyota ya Halley, Mei 1910. Tangu hapo hakuna aliyebisha. Nani angebishana na kitabu?

Mwaka 1986 nyota ya Halley ilirudi, kama inavyorudi kila baada ya miaka 75 au 76. Nilikuwa mwalimu kijana, na nilikuwa na kamera ya Zenit niliyoinunua kwa mwalimu mwenzangu mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Nilitaka babu, aliyekwisha kufariki, awe na mjukuu aliyeiona nyota yake na kuileta nyumbani kwa picha.

Picha ya nyota si sawa na picha ya harusi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Ukiacha kamera wazi kwa dakika moja tu, kila nyota hugeuka kuwa mstari. Dawa yake ilitolewa mwaka 1975 na Mskoti George Haig: mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na skrubu ya kuzifungua polepole. Ukitumia bolti ya milimita 6, ambayo kila mzunguko huinua milimita moja, uitoboe milimita 229 kutoka kwenye bawaba na kuizungusha mara moja kila dakika, ubao utaifuata mbingu barabara. Maelekezo ya Ulaya husema mstari wa bawaba uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, haionekani kamwe. Ilibidi niugeuze mtambo uelekee kusini, na niuinue digrii 5 tu, kwa maana hiyo ndiyo latitudo yetu. Kwa hiyo bawaba ililala karibu kama meza. Fundi seremala aliniuliza, “Mwalimu, mlango huu ni wa nyumba ya panya?”

Wala mbinu hiyo ya kuibebesha kamera ya kawaida haikuwa ya aibu. Katika mwaka 1882, kule Rasi ya Tumaini Jema, David Gill, mkuu wa kituo cha kutazama nyota, alimwita mpiga picha wa kawaida wa mtaa wa Mowbray, Bwana Allis, wakaifunga kamera yake juu ya darubini ili kupiga nyota yenye mkia iliyotokea mwaka ule. Ilitoka na mkia wake, lakini kilichomshangaza Gill ni wingi wa nyota ndogo zilizojaa nyuma yake. Kutokana na hilo akaanza kuorodhesha nyota za kusini kwa picha; orodha ilipokamilika ilikuwa na nyota zaidi ya 450,000.

Halley ilikaribia dunia tarehe 11 Aprili 1986, siku ya Ijumaa, umbali wa kilomita milioni 63. Mwezi ulikuwa mchanga na giza lilikuwa zuri. Lakini Aprili! Kwa usiku tisa nilikesha uani na blanketi mabegani, nikisikiliza matone yakidondoka kutoka kwenye migomba. Usiku wa Ijumaa ile, karibu na saa saba, mawingu yalipasuka upande wa kusini. Nikaiona, nusu ya njia kutoka vilimani hadi utosini: kipande cha pamba kisicho na mkia wa kujivunia. Nilizungusha skrubu kwa dakika nne nikihesabu kwa sauti, mke wangu akinishikia saa na tochi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu. Nikapata picha tatu, kisha pazia likafungwa.

Filamu niliipeleka mjini kusafishwa. Fundi wa studio aliona ukanda mweusi usio na mipaka, akaukata kwa kukisia. Mkasi wake ukapita katikati ya picha mbili kati ya tatu. Iliyosalia ninayo mpaka leo.

Ni picha hiyo iliyonitia shaka. Kile kipamba hakikuwa kitu cha kumtisha mchunga mbuzi. Ni kweli kwamba mwaka 1910 Halley ilipita karibu zaidi, kiasi cha kilomita milioni 23, ikawa na mkia mrefu sana. Lakini hadi katikati ya Mei ilionekana alfajiri, mashariki. Ilihamia jioni baada ya tarehe 20 hivi. Na Mei katika Usambara hakuna ardhi kavu wala mtu anayengojea mvua: mahindi yamekwisha kusimama shambani.

Mwaka huohuo wa 1910 palikuwa na nyota nyingine yenye mkia. Wachimba migodi wa Transvaal waliiona alfajiri mwezi Januari, na tarehe 17 ilipita karibu na jua, ikang'aa hata ikaonekana mchana. Katika siku za mwisho za mwezi ilisimama magharibi baada ya jua kutua. Januari, kiangazi, jioni, magharibi: kila alichosema babu kimo humo. Wazee wengi wa nchi nyingine walioapa kwamba waliiona Halley walikuwa wameiona hiyo ya Januari, kwa maana ndiyo iliyong'aa zaidi.

Mjomba alipewa hoja hizi mwaka 1988. Alisoma karatasi yangu mara mbili, akavua miwani. “Kwa hiyo mzee alisema kweli,” akasema, “ni sisi tuliompa nyota isiyo yake.” Halafu akauliza kama hiyo ya Januari nayo itarudi. Nikamjibu kwamba safari yake ni ya maelfu mengi ya miaka.

Halley yenyewe ilifika mwisho wa njia yake tarehe 9 Desemba 2023, mbali kuliko sayari ya Neptuni, ikaanza kurudi. Itapita karibu na jua Julai 2061. Wajukuu zangu nimekwisha kuwaambia kwamba Julai ni mwezi wa ukungu, wajiandae kushuka Mombo.