Mkimya na Msemaji

Wanadamu hawakuumbwa na tabia moja. Yuko apendaye upweke, ambaye fikira zake hustawi akiwa peke yake. Na yuko apendaye umati, ambaye akikosa wa kusema naye hunyong'onyea kama mmea uliokosa maji. Mwaka 1921 Carl Jung, tabibu wa Uswisi, alitoa kitabu juu ya tabia hizi mbili. Lakini zilikuwako kabla yake, na historia ya sayansi ya Uingereza yatupa mfano mzuri.

Henry Cavendish alizaliwa mwaka 1731 katika ukoo wa makabaila. Utajiri wake ulikuwa mwingi, lakini aliwaonea watu haya kupita kiasi. Chakula alichotaka alikiandika katika kikaratasi akakiacha mezani, asije akasema na mtumishi. Katika kimya hicho alitenda makubwa. Mwaka 1766 alieleza tabia za hewa iwakayo, ambayo sasa huitwa haidrojeni. Mwaka 1798 alitangaza kuwa dunia ni nzito mara 5.48 kuliko maji ya ujazo kama wake. Kipimo cha leo ni 5.51.

Humphry Davy alikuwa kinyume chake. Tangu mwaka 1801 alifundisha katika ukumbi wa Royal Institution, London, na watu walimiminika kumsikiliza. Mwaka 1812 miongoni mwao alikuwamo kijana maskini aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu, Michael Faraday. Maneno ya Davy yaliuwasha moyo wake. Mwaka 1813 aliajiriwa pale pale, na mwaka 1831 akagundua jinsi ya kupata umeme kwa sumaku.

Je, nani bora? Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Ni kweli, lakini mshindo wa Cavendish ulichelewa. Majaribio yake mengi ya umeme yalibaki katika makaratasi yake. Kanuni ya mkondo wa umeme aliyokwisha kuiona, Georg Ohm wa Ujerumani aliitafuta upya akaitangaza mwaka 1827. Makaratasi yale yalichapishwa na James Clerk Maxwell mwaka 1879, miaka 69 baada ya Cavendish kufa.

Hata hivyo palikuwa na njia ya kumfungua kinywa. Mwenzake, William Hyde Wollaston, alishauri kwamba atakaye kusema na Cavendish asimtazame, bali anene kama anayesema na hewa, pengine angejibiwa.

Mwalimu ahesabuye mikono iliyoinuliwa tu, na mkubwa wa ofisi asikilizaye sauti kubwa tu, humpata Davy wakampoteza Cavendish. Na wamsome daftari mkimya, wampe nafasi. Naye mkimya akumbuke kwamba elimu iliyofungiwa sandukuni haimfai jirani.