Uvimbe chini ya sikio la ndama

Nikiletewa ndama mwenye uvimbe huku Rugera, kwanza namuuliza mfugaji: alizaliwa nao? Uvimbe wa kuzaliwa nao ni nadra mno. Kwa kawaida ni tezi ya chini ya sikio, imetuna kwa ndigana kali, maradhi ya kupe ambayo jirani zetu Uganda huyaita amakebe. Mwanasayansi Robert Koch aliviona vimelea vyake Dar es Salaam mwaka 1897, akadhani ni vya homa ya Texas, maradhi mengine ya ng'ombe. Cha kutisha, kimelea hiki huzifanya chembe nyeupe za damu zizaane ovyo kama za saratani. Wazee walizichoma tezi hizo kwa chuma cha moto. Mimi huidunga tezi sindano, navuta majimaji, nayapaka kwenye kioo, natia rangi, natazama kwa hadubini. Mfugaji mwenzangu, weka chuma chini; mlete ndama apimwe mapema.